Jamvi la Malenga: Maswali Yenu Kuhusu Matamasha na Mashindano ya Ushairi

Barua nyingi za toleo hili zinahusu matamasha ya ushairi ya miji midogo na mashindano yake: namna ya kuyaanzisha, ya kuyaingia na ya kuyastahimili. Nimekaa meza ya majaji kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilituma mashairi yangu na kungoja majibu kama mnavyongoja ninyi, hivyo nitajibu nikitazama pande zote mbili. Niseme mapema ninachoamini, maana kitajitokeza katika kila jibu. Ukitaka kulijua tamasha, usimtazame mshindi. Tazama wametendewaje wale ambao mashairi yao hayakushinda. Yakija mashairi mia moja na tuzo zikawa tatu, watunzi tisini na saba watabaki mikono mitupu. Hao ndio watakaojaza viti mwakani, au watakaovikimbia.

SWALI: Tuko sita: walimu wawili, mkutubi, fundi umeme na wanafunzi wawili wa chuo. Tunataka kuanzisha tamasha la ushairi katika mji wetu mdogo, na shindano ndilo liwe kivutio kikuu. Hatuna ukumbi mkubwa, wala hatumjui mshairi yeyote mwenye jina wa kumwalika. Tuanzie wapi?

JIBU: Anzeni kwa kutenganisha mambo mawili mliyoyafunga pamoja. Tamasha ni siku ambazo watu hukutana kusikiliza mashairi. Shindano ni kazi ya mezani ambayo huanza miezi mingi kabla na kuonekana jukwaani jioni moja tu. Tamasha huweza kuishi vizuri bila shindano. Elko, mji mdogo katika jimbo la Nevada, Marekani, tangu 1985 umekuwa ukiwakutanisha wachunga ng'ombe wanaotunga mashairi, nao huja kusomeana, si kushindana. Wenyeji waliuweka mkutano huo Januari kwa sababu majira ya baridi ndipo kazi za ranchi hupungua. Hilo la tarehe ndilo swali lenu la kwanza, hata kabla ya bango na kaulimbiu: watu wenu wana nafasi lini?

Suala la jina kubwa lisiwanyime usingizi. Struga ni mji mdogo kando ya ziwa Ohrid, katika nchi inayoitwa leo Makedonia Kaskazini. Mwaka 1961 washairi wa Makedonia walikutana pale kuwakumbuka ndugu wawili wa ukoo wa Miladinov, wazaliwa wa mji huo, waliokuwa washairi na wakusanyaji wa nyimbo za watu wao. Baadaye tamasha likafungua milango kwa mataifa mengine. Tangu 1966 hutolewa Shada la Dhahabu, na waliolipokea ni pamoja na W. H. Auden mwaka 1971, Pablo Neruda mwaka 1972 na Léopold Sédar Senghor mwaka 1975. Jioni ya kilele washairi husoma wakiwa juu ya daraja, na watu husimama kando ya mto kuwasikiliza. Angalieni mpangilio wa mambo: wa kwao walitangulia, wageni wakafuata. Ledbury, mji mdogo wa magharibi mwa Uingereza wenye tamasha tangu 1997, nao una wa kwao, kwani John Masefield alizaliwa hapo mwaka 1878. Mtafuteni wenu. Huenda hana hata kitabu kimoja, ana madaftari tu yaliyojaa sandukuni. Jioni ya kwanza iwe yake.

Ukumbi mdogo nao si hasara. Mji mdogo una neema ambayo jiji halina: mtu hutoka chumba kimoja alikosikiliza shairi, akatembea dakika chache, akakuta mwingine anasoma. Tumieni maktaba, darasa, baraza, kivuli cha mti, mradi vyote viwe jirani. Watu thelathini katika chumba cha watu thelathini ni umati. Watu hao hao katika ukumbi wa mia tano watajiona wapweke, na mshairi naye ataliona hilo.

Sasa shindano. Hesabuni mkirudi nyuma kutoka siku ya kutoa tuzo. Majaji wapeni wiki sita au zaidi za kusoma, kabla yake wiki mbili za kusajili mashairi na kuondoa majina, na kabla ya hapo miezi mitatu ya tangazo kuzunguka, kwa sababu shairi zuri halitungwi kwa usiku mmoja. Kanuni ziingie katika ukurasa mmoja: nani anaruhusiwa kushiriki, lugha ni ipi, urefu mwisho wapi, shairi lililokwisha kuchapishwa linapokelewa au la, majaji ni akina nani, na matokeo yatatoka lini. Kuhusu urefu, wekeni kikomo na mkisimamie. Shindano la taifa la ushairi la Uingereza, lililoanza mwaka 1978, huweka kikomo cha mistari arobaini, na kikomo cha namna hiyo kinamlinda mtunzi pamoja na jaji.

Kuna sentensi moja ambayo nawasihi msiisahau: hakimiliki ya shairi inabaki kwa mtunzi. Nimesoma kanuni za mashindano ambayo mtu akituma shairi tu, limeshakuwa mali ya waandaaji, hata lisiposhinda. Huko ni kupora. Ombeni ruhusa ya kulisoma jukwaani na kulichapisha mara moja katika kijitabu cha tamasha, basi.

Na mkitoza ada ya kushiriki, tuzo isitegemee ada hiyo peke yake. Ikiwa hivyo, walioshindwa ndio wanaomlipa mshindi, nao watalijua hilo kabla yenu. Tafuteni fedha ya tuzo kwingine, ada igharimie karatasi na posho ya majaji, na tengeni nafasi za bure kwa asiyemudu bila kumtaka ajieleze.

SWALI: Kwa miaka kadhaa nimetuma mashairi kwenye shindano la tamasha moja na sijawahi kufika hata orodha ya awali. Mwaka huu aliyeshinda alikuwa mwanafunzi wa mmoja wa majaji. Nimeanza kujiuliza kama mashairi yetu wengine husomwa kweli.

JIBU: Una haki ya kuuliza, na kuuliza kwako si wivu. Wapo waandaaji wanaodhani kwamba kushuku ni utovu wa adabu. Mimi nasema anayetoza ada na kutoa tuzo anadaiwa maelezo.

Kinga kuu inajulikana tangu zamani: jaji asijue shairi ni la nani. Wales kuna tamasha kuu la lugha yao, Eisteddfod, ambalo kila mwaka huhamia mahali pengine. Mtunzi hutuma shairi kwa lakabu, na jina lake halisi hufungiwa katika bahasha. Siku ya tuzo jaji husoma hukumu mbele ya watu, hutaja lakabu iliyoshinda, kisha mwenye lakabu husimama mahali alipoketi katikati ya umati. Mpaka anasimama, ukumbi haumjui. Mwaka 1917, mjini Birkenhead, lakabu iliitwa na hakuna aliyesimama. Mshindi alikuwa Ellis Humphrey Evans, mtoto wa mkulima aliyejulikana kwa jina la Hedd Wyn, naye alikuwa ameuawa vitani Ubelgiji tarehe 31 Julai, wiki chache tu kabla. Kiti cha ushindi kilifunikwa kitambaa cheusi. Majaji walikuwa wamelipima shairi tu, bila kujua lolote juu ya aliyelitunga.

Kwa hiyo waandikie waandaaji wako, kwa heshima, uwaulize mambo matatu. Majina huondolewa na nani, na mtu huyo yumo miongoni mwa majaji? Kila shairi husomwa na majaji wangapi kabla ya kuwekwa kando? Na jaji akitambua mwandiko au mtindo wa mtu wake hufanya nini? Jibu sahihi la swali la tatu ni kwamba anatamka waziwazi na kuwaachia wenzake shairi hilo. Mwanafunzi wa jaji anaweza kushinda kwa haki, ila lazima njia ya ushindi wake ionekane. Wasipokujibu, au wakikujibu kwa hasira, peleka mashairi yako kwingine.

Upande wa pili wa jibu ni mgumu kidogo kuusikia. Mashairi husomwa, lakini mengi hupoteza nafasi yake katika ubeti wa kwanza. Jaji ana rundo mbele yake. Anafungua shairi linaloanza hivi: "Hodi hodi wahariri, nami nipeni nafasi." Ubeti wa pili mtunzi anaeleza kwamba ameona asinyamaze. Ubeti wa tatu anataja mada. Utaratibu huo una asili yake katika kurasa za mashairi za magazeti, ambako mtunzi alikuwa kweli akimwomba mhariri nafasi. Shindanoni nafasi umeshapewa. Ingia ndani moja kwa moja.

Tena beti za mwisho! Mila yetu ni kuaga kwa kaditama na kujitaja: jina, lakabu, hata mahali mtu anapoishi. Ni mila nzuri, naipenda, lakini ndani ya shindano la siri inavunja siri. Mratibu makini atakurudishia shairi ulirekebishe, asiye makini atalitupa, na yule mbaya kuliko wote ataliacha likafika kwa jaji likiwa na jina lako. Kwa kazi ya shindano, acha ubeti huo nyumbani.

Nikisoma, mimi husoma kwa sauti, kila shairi mpaka mwisho, na nikishirikiana na mwenzangu tunahakikisha rundo lake linaanzia pale langu linapoishia, ili shairi lililonikuta nimechoka limkute yeye akiwa na nguvu. Waulize waandaaji wako kama majaji wao hufanya hivyo. Na waulize pia kama watatoa taarifa ya majaji. Hakuna awezaye kumwandikia kila mshiriki, lakini ukurasa mmoja au miwili unaoeleza ni nini kilichojirudia, nini kilichowavutia na kwa nini la kwanza limelizidi la pili, huo unawezekana. Wajapani wa zamani katika mashindano yao ya kasri, ambapo mashairi yalipambanishwa mawili mawili, upande wa kushoto na wa kulia, walikuwa wakiandika uamuzi wa jaji pamoja na sababu zake, na hukumu za shindano la mwaka 960 bado zinasomwa. Mtunzi aliyeshindwa huku akijua sababu hana kinyongo cha muda mrefu.

SWALI: Kamati yetu imegawanyika. Nusu wanataka mashairi ya arudhi tu, yenye vina na mizani. Nusu wanataka kila kitu kiruhusiwe, mashairi huru yakiwemo, yote yashindanie tuzo moja. Wewe unasimama wapi?

JIBU: Nasimama na tuzo mbili.

Ugomvi huu ni wa siku nyingi. Miaka ya 1970 wataalamu na malenga walishambuliana vikali kuhusu iwapo utungo usio na vina na mizani unastahili hata kuitwa shairi, na wapo ambao hawajasameheana. Sitaki kamati ya watu wachache ibebe mzigo ule. Tena tatizo lenu ni la vitendo zaidi: jaji anayalinganishaje? Tarbia iliyotimia, yaani shairi la mishororo minne kila ubeti, ina ugumu wake unaopimika. Shairi huru lina ugumu wake usiohesabika kwa vidole. Ukiyaweka mashairi yote katika rundo moja, utamlazimisha jaji kuchagua aina badala ya kuchagua shairi, kisha upande mmoja utasema umedharauliwa, na utakuwa na haki.

Wale wa Wales wana jibu ambalo limewafaa. Kiti hutolewa kwa utungo unaofuata kanuni zao kali za mapigo na ulinganifu wa sauti, na Taji hutolewa kwa utungo ulio huru zaidi. Heshima ni mbili, sherehe ni mbili, na hakuna anayeitwa mdogo wa mwenzake. Nanyi fanyeni vivyo hivyo, na tuzo ziwe sawa. Mkiipa moja kiasi kikubwa kuliko nyingine, mtakuwa mmerudi palepale mlipokuwa.

Kwa upande wa arudhi, andikeni kanuni zinazosema mnachopima. Msiseme tu "shairi lizingatie arudhi". Semeni ni bahari gani, yaani aina gani za mashairi, zinapokelewa: tarbia pekee, au na tathlitha (mishororo mitatu) na takhmisa (mishororo mitano), au utenzi pia. Semeni mizani, yaani hesabu ya silabi, ni nane kwa nane au mnaruhusu mipangilio mingine ilimradi ule uliochaguliwa udumu hadi mwisho. Na jambo linalogombanisha majaji zaidi kuliko lolote: shairi lenye guni moja, yaani kosa moja la vina au mizani, linakufa au linapunguziwa alama? Mtunzi ameandika beti kumi safi, katika ubeti wa saba kipande kimoja kikasema "nimekuja washairini", mizani tisa badala ya nane. Mimi ninapunguza, siui. Jaji mwingine anaua. Sote wawili tunaweza kuwa waadilifu, lakini hatuwezi kukaa meza moja bila kukubaliana kwanza, na mshiriki anastahili kujua makubaliano hayo kabla ya kutuma.

Kuna jambo baya kuliko guni, nalo hesabu haliwezi kulikamata. Mtunzi anakata maneno yasiyokatika ili mizani itimie, au anaugeuza mwisho wa neno, "rafiki" akaifanya "rafika" ili kina kikae. Malenga wakubwa walikuwa na uhuru huo na walijua wautumie wapi. Mshiriki akiutumia kila mshororo wa tatu, vina vyake vimekuwa gereza. Napenda kina ambacho, nikikisikia, nahisi neno lile lingekuwa pale hata kama vina visingehitajika.

Kwa shairi huru, nalo lisiachwe bila masharti. Waambieni washiriki kwamba majaji watatazama mshororo umekatwa pale kwa sababu gani, taswira zinajengana vipi, na mahadhi yanatoka wapi ikiwa hayatoki kwenye mizani. Nathari iliyokatwakatwa vipande haijawa shairi huru. Bado ni nathari.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nina miaka kumi na saba. Tamasha letu lina shindano la jukwaani ambapo hadhira ndiyo inatoa alama na muda ni dakika tatu. Mashairi yangu yananipendeza nikiwa peke yangu, ila nikisimama mbele ya watu sauti inakauka na karatasi inatetemeka. Nishiriki au niache?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Shiriki.

Kwanza ujue mchezo unaochezwa. Mtindo huo uliasisiwa Chicago katika miaka ya 1980 na Marc Smith, mfanyakazi wa ujenzi aliyechoshwa na usomaji wa mashairi uliokuwa ukiwalaza watu. Huitwa slamu. Kwa kawaida huchaguliwa majaji watano kutoka miongoni mwa wasikilizaji, kila mmoja hutoa alama kati ya sifuri na kumi, ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, tatu zilizobaki hujumlishwa. Kwa hiyo mtu mmoja asiyekupenda hawezi kukuangusha, na shangazi yako akipewa kadi hawezi kukubeba. Ukipitisha dakika tatu unaachiwa sekunde kumi, kisha unaanza kukatwa alama. Mavazi ya maigizo, vifaa na muziki haviruhusiwi: wewe na maneno yako. Tamasha lenu linaweza kuwa na kanuni zake, zisome.

Fahamu pia kwamba alama hupanda kadiri usiku unavyokwenda. Wa kwanza hupata ndogo hata akiwa hodari, kwa sababu wasikilizaji wanaogopa kumaliza alama zao mapema. Ndiyo maana waandaaji wazuri hutanguliza mshairi asiyeshindana ili majaji wapime mkono. Ukipangwa wa kwanza na ukapata alama ya chini, usiichukue kuwa hukumu juu ya kipaji chako.

Sasa sauti na karatasi. Shairi lihifadhi kichwani kabisa, mpaka uweze kulisema huku unafanya kazi nyingine ya mikono. Hata hivyo panda nalo, umelibandika juu ya kitu kigumu kama jalada la kitabu, kwa sababu karatasi tupu hutetemeka na jalada halitetemeki. Lipime kwa saa ukiwa umesimama, si umekaa, ulenge dakika mbili na nusu, kwa sababu watu watacheka au watapiga makofi mahali usipotarajia. Kwa kasi yangu ya kughani, beti saba au nane za tarbia hujaza muda huo. Wewe pima ya kwako. Ukifika kwenye kipaza sauti, kaa umbali wa ngumi moja, nyamaza kidogo, pumua mpaka tumboni, kisha anza na mshororo wa kwanza. Usieleze shairi linahusu nini. Usiombe radhi kwamba una mafua. Dakika inayopotea kwa maelezo ni dakika iliyoibwa kwenye shairi, na wasikilizaji wanaelewa zaidi ya tunavyodhani.

Zaidi ya hayo, kabla ya siku yenyewe, nenda jioni ya maikrofoni ya wazi kama ipo, ambapo hakuna alama. Kooni panakauka zaidi mara ya kwanza kuliko mara nyingine zote, na mara hiyo ya kwanza ni bora isihesabiwe.

SWALI: Shairi langu nililiweka mtandaoni mwaka jana. Naweza kulituma kwenye shindano? Na naweza kutuma shairi lilelile kwenye mashindano mawili?

JIBU: Waandaaji wengi huhesabu kuwekwa mtandaoni kuwa ni kuchapishwa, hata kama waliolisoma ni marafiki zako tu. Kanuni zisiposema, uliza kabla ya kulipa ada. Kuhusu mashindano mawili, tuma pale tu kanuni zote mbili zinaporuhusu, na likishinda kwa mmoja mjulishe mwingine siku hiyohiyo. Kuna jaji mahali fulani amelipigania shairi lako kwa wenzake saa nzima. Usimwache agundue siku ya sherehe.

SWALI: Mfadhili wetu mkuu anataka mambo mawili: mada ya shindano iwe mafanikio ya kampuni yake, na yeye binafsi awe mmoja wa majaji. Bila yeye hatuna tuzo. Majaji wengine nao wanasema mwaka huu hakuna shairi linalofikia kiwango. Tufanye nini?

JIBU: Nianze na la mwisho. Majaji wanaweza kukataa kutoa tuzo, na tamasha likaheshimika zaidi kwa hilo. Eisteddfod imewahi kutangaza, si mara moja, kwamba hakuna aliyestahili, na kiti kikabaki bila mwenyewe. Lakini sharti liwe limeandikwa katika kanuni tangu mwanzo. Kama halikuandikwa, mliahidi tuzo, itoeni kwa lililo bora miongoni mwa yaliyokuja, na waelezeni watu kiwango katika taarifa ya majaji. Kubadilisha ahadi baada ya watu kulipa ada hakukubaliki.

Kuhusu mfadhili, mkatalieni yote mawili kwa upole na kwa maandishi. Mpeni vingine vya kumtosheleza: jina lake kwenye bango na kwenye kijitabu, kiti cha mbele, nafasi ya kukabidhi tuzo kwa mkono wake na kusema maneno machache. Sifa za kampuni zilizotungwa kwa ajili ya fedha zitasikika hivyo hivyo ukumbini, na yeye mwenyewe ataaibika. Akisisitiza, punguzeni tuzo. Mwaka 1324 kule Toulouse, mshindi wa shindano la washairi lililoitishwa na malenga saba wa mji alipewa ua moja, urujuani wa dhahabu. Tuzo yenu inaweza kuwa kitabu chenye saini za majaji wote, na shairi lililoandikwa kwa mwandiko mzuri likatundikwa maktaba mwaka mzima. Watunzi watakuja. Jambo moja tu: ahadi yoyote ya fedha iwe imeshafika mkononi kabla ya tangazo kutoka, kwa sababu mshindi asiyelipwa hueneza habari mbali kuliko bango lolote.

SWALI: Bibi yangu anatunga mashairi kichwani na kuyaghani, ila hajui kuandika. Shindano la tamasha la mji wetu linataka mashairi yaliyochapwa. Nikimwandikia mimi, je, itakuwa udanganyifu?

JIBU: Hapana, ikiwa utaandika kilicho chake. Ushairi wetu ulikuwa wa sauti kabla haujafika kwenye karatasi, na kuandikiwa hakumpunguzii mtunzi chochote. Waandikie waandaaji uwaeleze hali ilivyo, na uwaombe wapokee pia sauti iliyorekodiwa. Wakikataa sauti, bado maandishi yako yanatosha. Waandaaji mnaosoma ukurasa huu, nanyi ongezeni sentensi hiyo katika kanuni zenu mwaka huu. Hamgharimiki chochote, na mtapata mashairi ambayo kwa sasa mnayakosa.

Kuandika kwenyewe kuna taratibu zake. Mrekodi akighani shairi lote bila kumkatiza, kisha mrekodi tena siku nyingine. Mahali pawili palipotofautiana ndipo pa kumwuliza. Vina ndivyo vitakavyokuonyesha mshororo unaishia wapi: sikiliza sauti inayojirudia katikati na mwisho, uhesabu mizani, na vipande vitajipanga vyenyewe. Ukikuta mizani imezidi, usikimbilie kurekebisha. Mara nyingi yeye humeza silabi kwa mahadhi yake na hesabu yake iko sawa, ila ni wewe unayeliandika neno kama lilivyo shuleni. Maneno ya lahaja yake yaache kama anavyoyatamka, hata kama kamusi yako haina. Ukihofu jaji hataelewa, weka maelezo mafupi chini ya ukurasa, lakini yeye kwanza akuambie maana, usikisie.

Ukimaliza, msomee yote kwa sauti, polepole, ubeti kwa ubeti, na kila atakaposema "sikusema hivyo" badilisha, hata kama lako unaliona zuri zaidi. Jina litakaloandikwa kwenye fomu, mahali pa mtunzi, ni la bibi. La kwako liingie pale wanapouliza nani ameandika. Na kama fomu haina mahali hapo, liandike pembeni kwa kalamu.